Kundi Zima kwa Mpigo Mmoja: Namna ya Kuwaondoa Nguruwe Mwitu Shambani Texas

Aliyelima mahindi au mihogo kandokando ya msitu Afrika Mashariki anajua maana ya kukesha kwenye dungu, akiamia shamba kwa kugonga makopo na kuwasha moto ili nguruwe pori wasije wakalala na mavuno yake. Mtu huyohuyo akihamia Texas na kukodi ekari chache za kulima mchicha, bamia na mahindi, siku moja ataamka akute ardhi imepinduliwa kana kwamba trekta limepita usiku, naye atadhani amekutana na adui yake wa zamani. Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Nguruwe pori wa kwetu, pamoja na ngiri, ni wenyeji wa Afrika. Wana chui na fisi wanaowawinda, wana magonjwa yanayowapunguza, na wana nafasi yao katika msitu. Nguruwe mwitu wa Marekani ni mnyama mwingine kabisa, aliyepelekwa huko na binadamu, na makelele ya makopo yatamhamisha kwa usiku mmoja tu. Ni spishi vamizi, kama walivyo kunguru weusi wa Zanzibar na Dar es Salaam au gugumaji la Ziwa Victoria.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaolima au kufuga Texas na majimbo ya jirani. Msingi wake ni mmoja, na kila hatua inayofuata hapa chini inatokana nao: mkulima asihesabu amewaua wangapi, bali ahesabu wamebaki wangapi katika kundi. Kuua kumi na kuwaacha wawili ni kazi iliyoharibika.

Walikotoka

Inafaa kuijua historia yao kabla ya kushika nyundo, kwa sababu inaonyesha kwamba kila mara walipoenea, palikuwa na mkono wa mtu. Nguruwe wa jamii hii, ambaye wanasayansi humwita *Sus scrofa*, asili yake ni Asia, Ulaya na Afrika Kaskazini. Watu walianza kumfuga miaka elfu kadhaa kabla ya Kristo, katika sehemu mbili tofauti: eneo la Uturuki ya leo na Uchina. Mabara ya Amerika hayakuwa naye. Christopher Columbus aliwapeleka visiwa vya Karibi katika safari yake ya pili, mwaka 1493, na mwaka 1539 Hernando de Soto akashuka Florida akiwa na nguruwe wachache wa kulisha jeshi lake. Wanyama hao walitembea na askari, wakazaa njiani, na alipofariki mwaka 1542 walikuwa wamefikia mamia. Wengine walitoroka, wengine walichukuliwa na wenyeji. Wafaransa waliokuja na La Salle mwaka 1685 walileta wengine katika pwani ya Texas. Kwa karne nyingi baada ya hapo walowezi waliwaachia nguruwe wao wajitafutie chakula msituni, kisha wakawakusanya wakati wa kuchinja. Wasioonekana siku ya kukusanywa wakawa wanyama wa porini.

Wimbi la pili lilikuwa la matajiri waliotaka kuwinda. Mwishoni mwa karne ya 19 nguruwe mwitu halisi wa Ulaya waliletwa katika hifadhi ya mtu binafsi huko New Hampshire, na mwaka 1912 wengine wakapelekwa mlima wa Hooper Bald, North Carolina, ambako baadaye walivunja uzio na kuingia misituni. Texas nayo ilipokea wa aina hiyo katika miaka ya 1930. Walichanganyika na wale waliotoka mazizini, ndiyo maana leo katika kundi moja mtu huona mweusi mwenye manyoya marefu, mwekundu, na mwenye mabaka meupe.

Wimbi la tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni la juzijuzi. Mwaka 1982 nguruwe hawa walikuwa katika majimbo 17. Sasa wamo katika majimbo yasiyopungua 35, na Wizara ya Kilimo ya Marekani inakadiria kuwa wamefika milioni 6. Kwa miguu yao wenyewe wasingeenda kasi hiyo. Walipakiwa katika malori usiku na watu waliotaka kuwa na mnyama wa kuwinda karibu na nyumbani. Mfano wa Tennessee unatosha: mwaka 1999 jimbo hilo liliruhusu nguruwe wawindwe kila mahali bila kikomo cha idadi, likitumaini wawindaji watawamaliza. Yakatokea kinyume. Watu waliwahamishia sehemu ambazo hawakuwamo, na kufikia mwaka 2011 walikuwa wametapakaa karibu kaunti 80 kati ya 95. Mwaka huo jimbo lilibadili sheria, na nguruwe akaacha kuhesabiwa kuwa mnyama wa kuwindwa.

Mwili wake na tabia yake

Jike hubeba mimba siku 115 hivi, yaani chini ya miezi minne. Anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi sita hadi minane, wakati ng'ombe wa umri huo bado ni ndama. Kwa kawaida huzaa watoto wanne hadi sita, ingawa wanaweza kufika kumi na zaidi, na chakula kikiwa kingi huzaa mara mbili ndani ya mwaka mmoja na miezi michache. Sasa mkulima achukue kundi la nguruwe kumi na wawili, awapige risasi kumi, waponyoke majike wawili wenye mimba. Kila mmoja akizaa watano, kundi limerudi kumi na wawili kabla bunduki haijapata kutu. Watafiti wa Texas wamekadiria kwamba inabidi kuondoa takribani theluthi mbili ya nguruwe wote wa eneo kila mwaka ili idadi isiongezeke tu. Kuipunguza kunahitaji zaidi ya hapo.

Kundi ni la kina mama. Majike wenye undugu, mabinti zao na watoto wadogo hutembea, hula na hulala pamoja, na wakubwa huwafundisha wadogo njia za maji na mahali pa hatari. Dume akikomaa hujitenga, akaishi peke yake na kulifuata kundi wakati wa kupanda tu. Tofauti hii ni muhimu sana kwenye mtego, kama itakavyoonekana.

Nguruwe hawezi kujipoza kwa jasho. Ndiyo sababu wakati wa joto la Texas hakai mbali na maji, hugaagaa matopeni, na hutembea usiku. Macho yake si makali, lakini pua yake ni kali mno, na ncha ya pua hiyo ina mfupa wake wa pekee unaomwezesha kufukua udongo kama jembe. Hula karibu kila kitu. Sehemu kubwa ya chakula chake ni mimea, mizizi na mbegu za mialoni, lakini hula pia mayai ya ndege wanaotaga chini, mayai ya kasa, mijusi, na hata wana-kondoo waliozaliwa usiku huohuo. Akiingia shamba la mahindi au karanga lililopandwa jana, hufuata mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho akila mbegu moja baada ya nyingine, wala haruki hata shimo moja.

Akili yake ndiyo inayowashinda wengi. Nguruwe aliyeona wenzake wakinaswa, au aliyekimbia mlio wa bunduki kwenye chambo, hukumbuka. Hatarudi penye uzio kama ule kwa muda mrefu, na watoto atakaowazaa atawapitisha mbali nao. Wategaji wa Texas humwita nguruwe wa namna hiyo aliyesomeshwa, na mwalimu wake ni mtu aliyefanya haraka.

Kusoma dalili

Kabla ya kununua chochote, mkulima atembee shambani asubuhi kwa siku kadhaa. Unyayo wa nguruwe hufanana na wa kulungu, lakini ni wa mviringo na butu, ilhali wa kulungu umechongoka mbele. Kwenye matope alama za vidole viwili vya nyuma huonekana zikiwa zimetanuka pembeni. Kinyesi chake si vidonge vidogo kama vya kulungu au mbuzi. Atazame nguzo za umeme na mashina ya miti karibu na maji, kwa kuwa nguruwe akitoka matopeni hujisugua hapo, na hupenda zaidi nguzo zilizopakwa dawa ya kriosoti. Kimo cha tope lililokauka kwenye nguzo kitamwambia ukubwa wa mnyama. Manyoya magumu yaliyonasa kwenye waya wa chini wa uzio humwonyesha mlango wao.

Baada ya hapo afunge kamera inayojiwasha kwa mwendo wa mnyama, aiache wiki nzima, kisha awahesabu. Majike wangapi, watoto wangapi, dume yupo au hayupo, wanakuja saa ngapi. Hesabu hii iandikwe kwenye karatasi. Mtu asiyejua kundi lina wanyama wangapi hawezi kujua kama amelikamata lote.

Mtego

Mtego unaofaa kwa kundi ni zizi kubwa la mviringo. Vile visanduku vidogo vyenye mlango mmoja vinanasa wawili au watatu na kuwasomesha waliobaki nje, kwa hiyo havifai hata kama ni rahisi kubeba.

Zizi hujengwa kwa paneli za waya mzito wa chuma ambazo maduka ya pembejeo za mifugo huziuza zikiwa na urefu wa takribani mita 4.9 na kimo cha mita 1.5. Matundu yake yasizidi sentimita 10, la sivyo watoto watapita. Paneli sita hutoa zizi lenye upana wa mita tisa hivi, linalotosha kundi la kawaida. Nguzo za chuma zipigwe ardhini nje ya paneli, kila baada ya mita moja na robo hivi, ili nguruwe akisukuma kutoka ndani asukume paneli dhidi ya nguzo badala ya kuitenga nayo. Waya wa kufungia ukazwe juu, katikati na chini kabisa, kwani nguruwe hujaribu kuinua kwa pua kabla ya kuruka. Pasiwe na kona yoyote. Kwenye kona wanyama hurundikana, mmoja akampanda mwenzake na kuruka nje.

Mlango uwe mpana, usiwe na kizingiti cha chuma chini, na uporomoke kwa uzito wake wenyewe. Mwembamba huwatia shaka majike wakubwa, nao ndio tunaowataka kwanza. Mahali pazuri ni karibu na njia yao ya kawaida, penye kivuli, na ambapo gari laweza kufika. Kivuli ni cha lazima, kwa sababu mnyama asiyetoa jasho akifungiwa juani Texas atakufa kwa mateso, na kumuua mnyama si ruhusa ya kumtesa.

Zizi likishasimama, mlango ufungwe ukiwa wazi, usiweze kuanguka hata kwa bahati mbaya. Sasa kinaanza kipindi kinachohitaji moyo. Chambo bora ni mahindi yaliyolowekwa majini katika pipa kwa siku kadhaa hadi yachachuke. Harufu yake ataitambua kila aliyewahi kupita penye busaa iliyolala, na uchachu huo huwapunguza kulungu na wanyama wengine wasiohusika. Siku za kwanza mahindi yamwagwe nje ya zizi. Wakizoea, yamwagwe kwa mstari unaoingia mlangoni. Hatimaye yawe ndani tu, upande wa mbali na mlango. Watoto wataingia mapema, madume nayo hayaogopi sana. Jike kiongozi ndiye atakayesimama nje akinusa, usiku wa kwanza, wa pili, wa tano. Asubiriwe. Kazi hii huchukua wiki mbili au zaidi, na katika hatua hii ndipo nimeona wakulima wengi wakikata tamaa, wakaachia mlango kwa watoto saba walio ndani huku mama zao wakitazama kutoka gizani.

Kamera ikionyesha kwa usiku mitatu mfululizo kwamba idadi iliyo ndani ni sawa na ile iliyoandikwa kwenye karatasi, mtego utegwe. Kwa mtego wa waya, kifyatuo kiwekwe upande wa mbali, kimo cha sentimita 45 hivi, ili mtoto au mnyama mdogo asikiguse mapema. Njia bora zaidi, ingawa ni ghali, ni mlango unaofyatuliwa kwa simu: kamera humtumia mkulima picha, naye huhesabu akiwa nyumbani na kuuangusha mlango nguruwe wa mwisho akishaingia. Majirani watatu au wanne wakichanga fedha wanunue mmoja na kuuzungusha, gharama huwa nafuu, na kwa kuwa kundi moja hutembelea mashamba yao wote, hiyo ni haki pia. Dume akija peke yake, asifungiwe. Mlango huo ni wa kundi.

Wakati wa kutega pia una uzito. Mwishoni mwa majira ya baridi, mbegu za mialoni zikiwa zimekwisha na majani hayajachipua, njaa huwaleta upesi. Katika vuli, mialoni ikidondosha mbegu, hata mahindi matamu hayawavutii. Kwa bustani ndogo ya mboga, uzio wa umeme wenye nyaya mbili, wa chini ukiwa sentimita 20 kutoka ardhini na wa pili sentimita 45, utasaidia kulinda mavuno mtego ukiendelea kuandaliwa, mradi majani yafyekwe yasiguse waya.

Baada ya mlango kuanguka

Mtego uangaliwe alfajiri. Mtu asiingie ndani kwa hali yoyote. Dume ana meno marefu yanayochana mguu hadi mfupani, na jike mwenye watoto si mpole kumshinda. Wanyama huuawa kutoka nje ya uzio, kwa risasi moja ya kichwa kila mmoja, haraka na kwa utulivu, na asiye na ujuzi wa bunduki amwite mwenye ujuzi. Msomaji Mwislamu ambaye hapendi kuwagusa atapata mtegaji wa kulipwa au jirani atakayekuja kuwachukua kwa furaha. Ofisi za ugani za Texas A&M AgriLife katika kaunti hutoa ushauri, na mara nyingine zinajua vifaa vinavyoazimwa.

Kuhusu sheria, tangu Septemba 2019 Texas haihitaji leseni ya uwindaji kwa kuwaua nguruwe mwitu kwenye ardhi ya mtu binafsi, ilimradi mwenye ardhi ameruhusu. Aliyekodi shamba apate ruhusa hiyo kwa maandishi. Kuwasafirisha wakiwa hai kunasimamiwa kwa masharti makali, na kuwaachia mahali pengine ndiko kulikotufikisha hapa tulipo. Majimbo mengine yana sheria zao, na baadhi, kama Kansas, yamepiga marufuku kuwawinda kwa starehe, kwa sababu uwindaji huo hutawanya makundi na kuwapa watu sababu ya kuwaongeza.

Anayechinja avae glavu na kulinda macho. Nguruwe hawa hubeba bruselosisi, inayomwambukiza mtu kupitia damu na kumpa homa ya kurudirudi kwa miezi. Hubeba leptospirosisi, ile ambayo Tanzania tunaiita homa ya mgunda. Na nyama yao inaweza kuwa na minyoo ya trikina, hivyo ipikwe hadi joto la ndani lifike nyuzi 71 za Selsiasi. Mbwa wasipewe nyama mbichi wala matumbo, kwani virusi vya Aujeszky, ambavyo kwa kawaida havimdhuru binadamu, humuua mbwa ndani ya siku chache.

Upo ugonjwa mwingine ambao bado haujaingia Marekani, nao unatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi. Virusi vyake vilikuwa vikiishi kati ya ngiri na papasi wa mashimoni mwao bila kumdhuru ngiri. Nguruwe mgeni kutoka Ulaya ndiye aliyekufa. Mwaka 2007 vilifika Georgia ya Kaukasi, vikaenea Ulaya vikibebwa kwa sehemu na nguruwe mwitu, vikaingia Uchina mwaka 2018 na Jamhuri ya Dominika mwaka 2021. Vikifika kwa nguruwe mwitu wa Texas, itakuwa vigumu mno kuving'oa. Kwa hiyo anayesafiri kutoka nyumbani asibebe soseji wala nyama yoyote ya nguruwe, hata kama ni zawadi ya mama, na mkulima akiona nguruwe mwitu kadhaa wamekufa pamoja bila majeraha asiwaguse, bali atoe taarifa kwa daktari wa mifugo wa jimbo siku hiyohiyo.

Je, inawezekana kuwamaliza kabisa? Mahali penye mipaka, ndiyo. Katika kisiwa cha Santa Cruz, kimoja cha Visiwa vya Channel vya California, watoto wa nguruwe walikuwa wamewavutia tai wa dhahabu, na tai hao wakawageukia mbweha wadogo wa kisiwani, ambao hawapatikani popote nje ya visiwa hivyo, hadi wakabaki pungufu ya 100. Kisiwa kikagawanywa kwa uzio katika kanda tano, na kuanzia mwaka 2005 nguruwe 5,036 wakaondolewa, kanda moja baada ya nyingine, hadi wa mwisho. Tai walihamishwa, na mbweha wakaongezeka tena kuvuka elfu moja.

Texas si kisiwa, na mto unaopita nyuma ya shamba utaleta kundi jingine. Baada ya kuliondoa la kwanza, kamera ibaki ikiwaka na zizi libaki limesimama, mlango wake ukiwa umefungwa wazi. Kila wiki mkulima amwage ndoo moja ya mahindi yaliyochachuka, atazame picha, na nyayo mpya zikionekana atoe karatasi nyingine aanze kuhesabu upya.